Kutoka Mbagala hadi Natron kwa pikipiki: punguza kwanza

Kibanda changu cha ufundi kiko Mbagala, nyuma kidogo ya stendi ya Rangi Tatu. Ukikaribia mwezi wa sita hawakosi vijana wawili watatu wa kuniletea pikipiki na ombi lilelile: "Fundi, tunakwenda Natron, iongezee nguvu." Huwa naizunguka pikipiki, naangalia mzigo waliofunga, nagonga tairi kwa kisigino, halafu nawaambia nguvu iliyopo inatosha. Kilichozidi ni mzigo, upepo wa matairi na haraka.

Nasema hivyo kwa sababu nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilirudi Arusha juu ya Fuso la mbuzi, pikipiki imelazwa katikati yao, na mmoja akanikojolea begi. Mara ya pili nilifika na kurudi kwa magurudumu yangu mwenyewe, ila nilirudi nimekonda. Ya tatu nilikwenda na mpwa wangu, dereva wa bodaboda wa Kongowe, na hiyo ndiyo naweza kuisimulia bila aibu.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo jangwa la Natron. Usitegemee matuta ya mchanga na ngamia. Bonde la Ziwa Natron liko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na limezingirwa: mlima Ol Doinyo Lengai wenye mita 2,962 upande wa kusini, Kerimasi nyuma yake, Gelai upande wa mashariki, na magharibi ukuta wa Bonde la Ufa. Chini ni majivu ya volkano, kokoto nyeusi, makorongo ya mchanga na magadi. Mchana joto linagonga nyuzi 40. Halafu unaupanda ule ukuta kuelekea Loliondo, na usiku unaomba blanketi la pili. Jangwa na mlima siku moja, pikipiki ileile, mgongo uleule.

Anzia Kigamboni

Mtu anayejifunza mchanga akiwa Natron anajifunza akiwa na kiu, na mwalimu wa namna hiyo ni mkali. Sisi wa Dar tumebahatika, mchanga tunao mlangoni. Vuka kwa pantoni au Daraja la Nyerere, shika njia ya Kimbiji mpaka Pemba Mnazi, kisha ingia njia za ndani zile zinazokwenda ufukweni. Nenda Jumapili nne mfululizo. Ya kwanza utaanguka, ya pili utaanguka kidogo, ya tatu utaanza kujisifu na utaanguka tena. Mchanga wa Kigamboni ni laini kuliko ule wa makorongo ya Natron, kwa hiyo ukiuzoea huo, kule hutashangaa.

Jumapili ya tano nenda Kisarawe kwa njia ya Pugu, mvua ikiwa imenyesha. Ule udongo wa vilima vya Pugu ukilowa unateleza kama bamia. Huko ndiko unajifunza kushuka mlima bila kugusa breki ya mbele kwa pupa.

Sasa namna yenyewe. Ukiona mchanga mbele, punguza mwendo kabla ya kuufikia, si ukiwa ndani. Simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tenki kidogo, rudisha makalio nyuma ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Ingia na gia ya pili, vuta mafuta taratibu bila kukata. Usukani utacheza kushoto na kulia kama mbuzi aliyefungwa kamba, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaukaba. Uache ucheze. Wewe shika kwa vidole, siyo kwa ngumi, na macho yatazame mbali, kule unakotaka kwenda. Ukitazama gurudumu la mbele, utaangukia hapohapo unapotazama. Kukunja kona tumia miguu: kanyaga zaidi kikanyagio cha upande unaoelekea. Breki ya mbele isahau kwamba ipo.

Ukikwama, acha mafuta mara moja. Hii nitaieleza zaidi, maana ndiyo iliyonipandisha Fuso la mbuzi.

Upepo

Tairi la pikipiki mjini tunaliweka upepo wa psi 28 mbele na 32 au zaidi nyuma, hasa ukibeba abiria. Upepo huo kwenye mchanga unalifanya tairi liwe kisu, linachimba. Ukifika Mto wa Mbu, pale unapoacha lami, shusha hadi 18 mbele na 20 nyuma. Kwenye korongo la mchanga mzito unaweza kushuka hadi 15, lakini ukitoka tu jaza tena, kwa sababu barabara hiyohiyo baada ya kilomita mbili itakuwa mawe, na tairi laini likigonga jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ukiona matundu mawili yamekaa kama alama ya meno ya nyoka, usihangaike kutafuta mwiba. Upepo ulikuwa mdogo.

Kuna ugonjwa mwingine wa upepo mdogo. Tairi linateleza juu ya rimu, linaivuta tyubu, na valvu inaanza kulala. Ikilala sana inakatika shingoni, na valvu iliyokatika haina kiraka. Dawa yake ndogo: ile nati ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Hivyo valvu inakuwa huru, ikianza kulala unaiona kwa macho kila ukisimama kunywa maji, na unairekebisha mapema. Mpwa wangu alinicheka nilipomfanyia hivyo kwenye Boxer yake. Siku ya pili valvu ya nyuma ilikuwa imeinama kama mtu anayesalimia, na kicheko kikaisha.

Kwa hiyo pampu ya mkono na kipimo cha upepo si hiari. Kipimo cha kidole gumba mwachie fundi pancha wa mtaani.

Pikipiki na mzigo

Mimi naendesha Honda XL 125 niliyoinunua mkononi, ya zamani, ilishafanya kazi kwenye mradi fulani wa maji. Tairi la mbele inchi 21, la nyuma 18, shokapu ndefu. Boxer na TVS nazo zinafika. Watu wa Mto wa Mbu na Engaruka wanapita huko kila siku na bodaboda zao wakiwa na abiria na gunia. Tofauti ni kwamba Boxer iko chini, utaichunga injini na mawe, na tairi zake za kiwandani ni za lami. Badilisha, weka zenye meno. Sproketi ya mbele punguza jino moja. Utapoteza mwendo kidogo kwenye lami, lakini kwenye mchanga na mlima utanishukuru, maana injini ya kabureta kila ukipanda mita 1,000 inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake. Ndiyo maana pikipiki inayoruka Mbagala inakohoa Loliondo.

Legeza kidogo bolti zinazoshika mikono ya klachi na breki kwenye usukani, kiasi kwamba ukiisukuma kwa nguvu inazunguka. Ukianguka, mkono unazunguka badala ya kukatika. Waya mpya wa klachi upitishe sambamba na ule wa zamani, ufunge kwa gundi ya karatasi, ncha zake zikae tayari. Ukikatika wa kwanza, kazi ni ya dakika tano.

Filta ya hewa ndiyo nitakayosisitiza mpaka uchoke. Vumbi la huko si hili letu la Mbagala. Ni jivu la volkano, laini kama unga wa muhogo, na linakwangua silinda kama msasa. Safari yangu ya pili nilifunga filta mpya niliyouziwa Kariakoo, duka silitaji, yenye jina zuri na boksi linalong'aa. Nilipoifungua Engaruka sponji ilikuwa imekatika pembeni na mdomo wa kabureta una unga ndani. Tangu siku hiyo filta naijaribu mwenyewe: naishika juani, nikiona mwanga unapenya sehemu moja zaidi ya nyingine, narudisha. Filta ya sponji ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ianike kivulini, iloweshe oili safi na uikamue kama nguo, usiisokote. Beba ya pili ikiwa imeshaloweshwa, ndani ya mfuko wa nailoni. Kila jioni badilisha. Kama yako ni ya karatasi, igonge taratibu kwenye goti uchafu utoke, na ubebe mbili.

Cheni usiimwagie oili kule. Oili na mchanga ni tupa. Ifute kavu kwa kitambaa, jioni uipake kidogo sana, asubuhi uifute tena.

Mzigo wote usizidi kilo 15, ukiacha maji na mafuta. Kile cha mwisho unachofikiria kukiongeza, kiache. Spana zako ni zile zinazofungua bolti za pikipiki yako tu, na hasa ya akseli. Vyuma viwili vya kutolea tairi, tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, plaizi, waya mwembamba wa kufungia, plagi moja, gundi ya chuma ile ya mirija miwili, na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni nitakueleza kazi yake. Kama nafasi ni ya tyubu moja tu, beba ya mbele: ya inchi 21 inalazimishika kuingia nyuma ukakufikisha kijijini, lakini ya nyuma kuipeleka mbele ni shida. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Zile kamba za dukani zenye ndoano zinalegea kwenye rasta za barabara ya vumbi, na ndoano ikiingia kwenye spoku utaanguka.

Maji, lita 6 kwa mtu kwa siku. Mafuta, fanya hesabu hivi. XL yangu kwenye lami inakwenda kilomita 35 kwa lita, na kwenye mchanga 25 au chini. Tenki ni lita 12. Kutoka sheli za Mto wa Mbu mpaka Waso, mji wa kule Loliondo, ni zaidi ya kilomita 200. Kwa karatasi inatosha, ila kwa karatasi hakuna anayepotea njia. Beba dumu la lita 5. Mafuta ya chupa utayakuta vijijini, na siku nyingine huyakuti. Ukinunua, yachuje kwa kitambaa safi, uache kile cha chini.

Njia

Kutoka Dar siku hizi sipiti Chalinze. Malori ya Morogoro Road yatakuzeesha kabla ya safari kuanza. Napita Bagamoyo, kisha lami ya Msata, kilomita 64, naibukia barabara ya Segera. Mwendo wa 70, kwenye vijiji 50, maana trafiki na tochi yao wapo, na leseni yako iwe daraja A, bima hai, kadi ya pikipiki karibu. Korogwe, Mombo. Hapo naacha barabara kuu.

Sababu ya kupanda Lushoto siyo mandhari tu. Zile kilomita 33 za kona kutoka Mombo kupitia Soni ndizo mtihani wa breki. Nalala Lushoto, asubuhi nashika njia ya vumbi ya Magamba mpaka Mtae, pale ukingoni unapoona tambarare za Mkomazi ziko chini yako kama mkeka, halafu narudi. Ukishuka, tumia injini: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Usishike klachi mlimani, usizime injini kuokoa mafuta kama tulivyokuwa tukifanya ujana. Breki za dramu zikichemka zinakuwa laini kama mtu aliyekubali kushindwa, na Soni hakuna pa kujaribu mara ya pili. Kitu kitakacholegea kitalegea huko, na Lushoto kuna mafundi. Na kuna mapeasi.

Same na Mwanga utapigwa upepo wa ubavuni katikati ya mashamba ya mkonge. Inama, legeza mabega, endelea. Moshi, Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu. Hapo unalala gesti, unakula ndizi nyekundu, na jioni unakwenda kijiwe cha bodaboda. Usiwaulize, "Njia nzuri?" Watasema nzuri. Waulize, "Jana nani alipita Engaruka? Korongo lipi lina maji?" Hapo utapata jibu la maana. Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Juni hadi Julai. Masika imeisha, mchanga bado umeshikana. Septemba vumbi linafika magotini. Machi hadi Mei usiende.

Njiani kuna vizuizi vya ushuru vya halmashauri, zaidi ya kimoja. Ulizia viwango ukiwa Mto wa Mbu, lipia kwa namba ya malipo, na risiti zote zitunze mfuko mmoja kwa sababu utaulizwa tena mbele.

Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero

Ni kama kilomita 120 mpaka Engaresero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika saa tano uwe umeshapata kivuli, ukae mpaka saa kumi. Hili la muda ndilo tulilolivunja mimi na mpwa wangu, kisa tulichelewa kutengeneza pancha.

Pancha yenyewe ilikuwa mbele ya Engaruka, nyuma ya Boxer. Nieleze tulivyofanya, maana kule hakuna fundi pancha na kompresa yake. Tuliisimamisha kwenye stendi, tukaweka jiwe chini ya injini gurudumu lielee. Kabla ya kuchomoa chochote nikatandika turubai, kwa sababu nati ikianguka kwenye lile jivu hutaiona mpaka kiama. Gurudumu likatoka. Nikalikanyaga tairi pande zote mpaka likaachia rimu, nikaingiza chuma cha kwanza upande ulio mkabala na valvu, cha pili shubiri moja kutoka hapo, na mdomo mmoja tu wa tairi ukatoka nje. Tyubu ikachomolewa. Kabla ya kuitafuta tundu, tukaitazama valvu imekaa wapi ili tundu likipatikana tujue limetokea upande gani wa tairi. Nikamwambia mpwa wangu apitishe vidole ndani ya tairi polepole. Akapitisha haraka, akapiga yowe. Mwiba wa mgunga, urefu wa njiti ya kiberiti, umeingia kwenye kidole kama ulivyoingia kwenye tyubu. Watoto watatu wa Kimaasai waliokuwa wakituangalia na ndama zao walicheka mpaka wakakaa chini.

Tundu tulilitafuta kwa kuipuliza tyubu na kuipitisha karibu na mdomo wa chini, pale ngozi inahisi hewa. Maji ya kunywa huwezi kuyamwaga kwenye beseni. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Solusheni ikae mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole isinate, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza kwa mpini wa spana kuanzia katikati kwenda pembeni. Kiraka kilichobandikwa kikiwa kibichi kitatoka kwa joto kabla hujafika kijiji kinachofuata. Tyubu itie upepo kidogo ipate umbo kabla ya kuirudisha, ili chuma kisiibane. Maliza kulirudisha tairi upande wa valvu, sio mwanzo.

Ilituchukua saa nzima na robo. Tukaanza safari saa tano na nusu, jua la utosi.

Kilichotokea ni hiki. Tulipolipita Shimo la Mungu, lile kreta lililo karibu na njia (Wamakonde wa Newala nao wana lao, wasinune), mpwa wangu akaanza kuyumba hata pasipo na mchanga. Akasimama, akavua helmeti, akaniambia, "Mjomba, hii pikipiki inanisema." Nikadhani utani. Nikamgusa shingo: moto, na kavu. Jasho lilikuwa limekata. Ukiona hivyo safari imekwisha kwa muda huo, hata kama unakoenda unakuona. Nilimvuta kwenye kivuli chembamba cha mgunga, nikamvua koti na buti, nikalowesha shati kwa maji nikamfunika kifuani na shingoni, nikawa nampepea kwa ile turubai. Alipoanza kusema maneno yenye kichwa na miguu ndipo nikampa maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja, funda moja moja. Tulikaa hapo mpaka saa kumi na moja. Pakiti za ORS zinauzwa duka lolote la dawa, hazina uzito. Beba kumi.

Sasa lile korongo langu la safari ya kwanza. Mchanga mzito, nimeingia na gia ya kwanza kwa hofu, gurudumu la nyuma likazama. Badala ya kuacha, nikapiga resi na klachi nusu, nusu, nusu, nikiamini itatoka. Harufu ya pleti za klachi zikiungua inafanana na nywele zilizounguzwa na pasi. Dakika mbili baadaye injini inalia, pikipiki imetulia kama kaburi. Kilichofuata unakijua: mbuzi.

Unachotakiwa kufanya ni rahisi na hakina fahari. Zima. Shuka. Ilaze pikipiki ubavu, funga koki ya mafuta kwanza. Gurudumu likishatoka kwenye shimo, lijaze shimo mchanga kwa miguu, isimamishe, sasa iko juu. Washa, gia ya kwanza, tembea pembeni yake huku ukiipa mafuta kidogo, isukume kwa mkono mpaka ipate ardhi ngumu. Kama klachi imeshika joto, kaa dakika 20. Korongo lenye maji livuke kwa miguu kwanza, kila mara, hata kama umemwona mwenzako amepita.

Engaresero utalala. Kuna maporomoko ndani ya genge, maji baridi, oga. Kuna nyayo za watu wa kale zilizogandia kwenye majivu, mamia, za miaka kati ya 5,000 na 19,000 iliyopita, na mtu ataniambia XL yangu ni ya zamani. Lengai wenyewe ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi, inatoka nyeusi kisha inageuka nyeupe. Mlipuko mkubwa wa karibuni ni ule wa 2007 na 2008. Watu wanaupanda usiku na mwenyeji. Wewe uliyetoka kwenye mchanga leo, usiupande leo. Kinamama waamkie "Takwenya", watajibu "Iko", wazee waamkie shikamoo kama kwenu, na picha omba kwanza.

Na usiendeshe juu ya magadi kandokando ya ziwa. Yanaonekana magumu na meupe kama sakafu ya msikiti, chini yake ni tope linalounguza ngozi. Huko ndiko heroe wadogo wanakozalia, wale flamingo, na hawahitaji kelele zako.

Ukuta

Kutoka Engaresero kupanda kuelekea Sale ni kona za mawe yaliyolegea, na ndiyo sehemu niliyoipenda na kuiogopa kuliko zote. Jaza upepo urudi 26 na 28. Panda asubuhi, injini ikiwa baridi. Gia ya kwanza au ya pili, usibadilishe katikati ya kona, mwili mbele safari hii, kifua karibu na usukani. Mwachieni mtu mmoja amalize kona nzima kabla ya mwingine kuanza, kwa sababu anayeanguka anarudi chini na pikipiki yake.

Mpwa wangu alianguka kona ya tatu. Mkono wa klachi ulizunguka kama nilivyotaka, lakini jiwe liliingia chini ya tenki na petroli ikaanza kutona kwenye mshono. Ndipo sabuni ya mche ilipofanya kazi yake. Ifinyange mkononi mpaka iwe laini kama ugali wa mtoto, futa pale panapovuja, ikandamize kwa nguvu, ongeza juu. Petroli haiyeyushi sabuni. Tulifika nayo Waso, tukarudi nayo Arusha, na pale ndipo ikachomelewa, tenki likiwa limeoshwa na kujazwa maji.

Juu unawakuta Wabatemi, ambao wengi wanawaita Wasonjo, na mifereji yao ya kumwagilia. Mwaka 2011 njia hii hii ilijaa magari ya watu waliokwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Jirani yangu Mbagala alikwenda kwa Noah. Kila nikifika kona ile ya tatu namkumbuka dereva wa hiyo Noah. Kutoka Sale mpaka Waso sasa kuna lami, na baada ya mawe unaisikia kama kitanda.

Usidhani utaendelea mbele kukatiza Serengeti, wala kupitia Ngorongoro. Pikipiki hairuhusiwi. Unarudi kwa njia uliyojia, na kushuka ule ukuta ni kugumu kuliko kuupanda. Uzito nyuma, injini ikushike, breki ya nyuma kidogo, ya mbele kwa kidole kimoja. Ukiona umechoka, shuka utembee nayo. Hakuna anayekuona isipokuwa nyani.

Ukirudi

Usiiweke ndani ikakaa wiki. Magadi yanakula aluminiamu na spoku kimyakimya. Mto wa Mbu ioshe kwa maji baridi mengi, Dar ioshe tena kwa sabuni, chini ya madigadi, ndani ya dramu za breki, kwenye akseli. Mwaga oili ikiwa ya moto, uitazame juani: ikimetameta, silinda imekula vumbi. Fungua beringi za magurudumu na za usukani, paka grisi mpya. Kaza spoku moja moja ukizigonga na spana, inayolia kwa sauti nzito imelegea.

Mpwa wangu aliniahidi ataileta Boxer Jumamosi ile ile tuliyorudi. Aliileta baada ya wiki tatu, abiria hawakumpa nafasi. Spoku kumi na moja zilikuwa na unga mweupe shingoni, na nne zilikatika nilipozigusa.